Nyonga Iliyookolewa Hudumu Miaka Mingapi?

Kwenye benchi la kliniki ya mifupa maelezo yanafanana: ute umekauka, mifupa inasagana, au kwa mkato kabisa, ni uzee tu. Mzee wa miaka sabini akiambiwa hivyo ataitikia, ataomba dawa ya maumivu na ataondoka. Kazi inakuja anapoambiwa hivyohivyo mtu wa miaka ishirini na nane. Uzee haujamfikia, ute anao, na bado akishuka kwenye daladala lazima ashike mlango na kutanguliza mguu mzima.

Mwambie akuonyeshe panapouma. Mara nyingi hanyooshi kidole. Atakikunja kiganja kama anayeshika kikombe kikubwa na kukibandika ubavuni mwa nyonga, dole gumba likiwa nyuma kwenye tako na vidole vinne vikiwa mbele kwenye kinena. Madaktari wa nyonga wanaiita ishara ya herufi C, na wakiiona wanaacha kwanza habari ya mgongo. Wengine hata nyonga hawaitaji, wanalalamikia goti. Neva zinazohudumia nyonga zinahudumia na goti, kwa hiyo kuna watu waliopigwa eksirei za goti mara tatu huku tatizo likiwa limekaa shubiri mbili juu yake.

Mtu wa namna hii ana njia mbili. Ya kwanza ni kuvumilia mpaka kiungo kiishe, kisha awekewe nyonga bandia. Ya pili ni kufanyiwa upasuaji unaorekebisha umbo la nyonga yake mwenyewe kabla haijaisha. Hiyo ya pili ndiyo inayoleta maswali, na swali linaloulizwa kuliko yote ni moja: inadumu? Ukitafuta jibu utakutana na asilimia 82, na asilimia 60, na asilimia 29. Zote zinatoka hospitali moja, zinahusu kundi moja la wagonjwa, na zote ni za kweli.

Kabla ya kuzifungua hizo namba, inabidi kujua kinachorekebishwa.

Anayebeba ndoo ya maji kichwani anajua kazi ya ngata. Maji hayapungui hata tone, lakini bila ngata uzito wote unakaa kwenye kipande kidogo cha utosi, na kabla hujafika nyumbani kichwa kinawaka moto. Ngata inautandaza mzigo, basi. Nyonga nayo inaishi kwa kanuni hiyo. Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, kinakaa ndani ya kikombe kilichochongwa kwenye fupanyonga, na kati yao kuna gegedu, tabaka laini la milimita chache tu. Watafiti wa Berlin waliweka vipimo ndani ya nyonga bandia wakakuta kwamba mtu akitembea kawaida, nyonga inabeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 70 anaiwekea nyonga yake kilo 170 hivi kwa kila hatua. Kikombe kikiwa kipana, uzito huo unatandazwa. Kikiwa kifupi, paa lake halijakifunika kichwa vizuri, unaegemea ukingoni.

Hali hiyo ya kikombe kifupi inaitwa displasia. Daktari wa Sweden, Gunnar Wiberg, aliipatia kipimo mwaka 1939 na mpaka leo kinatumika. Kwenye picha ya eksirei unachora mstari mmoja kutoka katikati ya kichwa kwenda juu wima, na mwingine kutoka hapohapo hadi ukingo wa paa. Pembe kati ya mistari hiyo ikivuka nyuzi 25, paa linatosha. Ikiwa chini ya 20, ni fupi. Kati ya 20 na 25 ndipo madaktari wanapobishana.

Gegedu halina mishipa ya damu, na ndiyo maana likichakaa halijirudishi kama ngozi inavyofunga kidonda. Mtu aliyezaliwa na paa fupi anaweza kucheza mpira, kukata kuni na kuzaa watoto bila kujua lolote, kisha kwenye miaka ya ishirini au thelathini kinena kinaanza kuuma. Kwa watu hawa, osteoathritisi, yaani huko kusagika kwa kiungo, ilianza na hesabu ya eneo na uzito. Umri ulikuja baadaye kuiendeleza. Na kama tatizo ni umbo, umbo linaweza kubadilishwa.

Wazo hilo si geni. Robert Salter, daktari wa Toronto, Kanada, alianza mwaka 1957 kukata fupanyonga la watoto na kuligeuza ili lifunike kichwa. Mfupa wa mtoto unapinda, wa mtu mzima haupindi, kwa hiyo alichokifanya Salter kwa mtoto wa miaka mitatu hakikutosha kwa mwanamke wa miaka thelathini. Wajapani walikuwa na njia yao ya kukata kwa mviringo, kama mtu anayechomoa kokwa la embe. Njia iliyoenea zaidi Ulaya na Marekani ilizaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1984, mikononi mwa Reinhold Ganz na wenzake, ikachapishwa mwaka 1988.

Sehemu yenyewe ya upasuaji inastahili kutazamwa kwa karibu. Mpasuaji anaingia kwa mbele na kukata mifupa inayokizunguka kikombe: ule wa chini unaokaliwa, ule wa mbele wa kinena, na ule wa juu wa kiunoni. Anakiachia kikombe kizima, pamoja na gegedu lake na damu yake, kielee. Lakini nguzo ya nyuma ya fupanyonga, ile inayopeleka uzito kutoka mgongoni hadi mguuni, haiikati yote. Ujanja wote uko hapo. Kwa kuwa nguzo hiyo imebaki, nyonga haisambaratiki, na baada ya siku chache mgonjwa anaweza kuinuka kwa magongo bila plasta kubwa. Njia ya uzazi nayo haibadiliki sana, jambo zito kwa kuwa wengi wenye displasia ni wanawake, na wengi wao bado wanataka kuzaa.

Kisha kikombe kinageuzwa. Nyuzi chache kwenda nje, chache kwenda mbele, eksirei inapigwa mgonjwa akiwa mezani, kinatazamwa, kinageuzwa tena, halafu kinafungwa kwa skrubu tatu au nne. Kikigeuzwa kidogo mno, paa linabaki fupi. Kikigeuzwa kupita kiasi, ukingo wa mbele unashuka na kuanza kugonga shingo ya mfupa wa paja kila mtu anapokaa kwenye kiti. Hili la pili halikujulikana mwaka 1984. Wagonjwa wa mwanzo ndio waliolifundisha.

Sasa namba.

Kundi la kwanza kabisa la Bern lilikuwa watu 63 wenye nyonga 75, maana wengine walifanyiwa pande zote mbili. Wastani wa umri ulikuwa miaka 29, mdogo ana 13, mkubwa ana 56. Karibu robo ya nyonga hizo zilikwisha kusagika vibaya hata kabla ya kisu. Baada ya miaka kama 11, nyonga 71 zilipatikana, na 58 kati yake zilikuwa bado ni za mwenyewe, hazijabadilishwa kwa bandia. Hiyo ndiyo 82. Baada ya miaka 20 zilitazamwa 68, na 41 zilikuwa bado za mwenyewe. Hiyo ndiyo 60.

Ukiendelea kwa mstari huo utadhani miaka 30 imeangusha nusu ya waliobaki. Hapana. Ripoti ya mwaka 2017 iliyotoa asilimia 29 ilibadilisha swali. Zile mbili za kwanza ziliuliza: nyonga ipo? Ya tatu iliuliza mambo matatu kwa pamoja: nyonga ipo, kusagika hakujaongezeka kwenye picha, na mwenye nyonga anatembea bila shida kubwa? Aliyeshindwa hata moja kati ya hayo alihesabiwa kuwa ameshindwa. Mama wa miaka 59 anayetembea kwa nyonga yake mwenyewe, anayeuza dukani kutwa nzima, lakini picha yake inaonyesha gegedu limepungua kuliko lilivyokuwa miaka thelathini iliyopita, yumo kwenye kundi la walioshindwa. Kwa mtafiti hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Kwa anayetaka kujua kama atatembea, inamdanganya bila kukusudia.

Mimi naona ukali huo ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu kuhesabu nyonga bandia peke yake kuna udanganyifu wake. Mtu anaweza kukataa kubadilishiwa kwa woga, au kwa kukosa pesa, au kwa sababu daktari wake amemwambia asubiri, akabaki na maumivu miaka kumi na bado akahesabiwa kuwa amefaulu. Kwa hiyo ukisoma asilimia yoyote ya upasuaji wa aina hii, neno la kutafuta kwanza ni lile linaloeleza kushindwa ni nini. Lisipokuwepo, asilimia hiyo iache.

Kuna la pili. Hawa walikuwa wagonjwa wa mwanzo wa fundi aliyekuwa bado anaibuni kazi yenyewe. Walichaguliwa bila kujua nani atafaidika. Walipofuatiliwa ndipo ikaonekana kwamba walioharibikiwa mapema walifanana: umri umevuka 40, walikuwa wakichechemea kabla ya upasuaji, picha ilikwisha kuonyesha kusagika, na nyonga ilikuwa ikiuma ikikunjwa na kuzungushwa ndani. Leo mtu mwenye mambo hayo yote hapelekwi mezani kwa upasuaji huu.

Madaktari wa Boston, Marekani, walilisema wazi zaidi. Mwaka 2009 walitoa hesabu ya nyonga 135 zilizofuatiliwa kwa wastani wa miaka tisa, na vitu viwili vilijitokeza: umri unaozidi 35, na kichwa kisichokaa sawasawa na kikombe, yaani duara lisilolingana na bakuli lake. Asiye na hata kimoja, uwezekano wa kushindwa ulikuwa asilimia 14. Mwenye kimoja, 36. Mwenye vyote viwili, 95. Hizo namba tatu ningezibandika ukutani kwenye kila kliniki inayofanya kazi hii. Upasuaji ni uleule na mikono ni ileile, lakini mmoja ana nafasi nzuri sana na mwingine hana karibu nafasi yoyote. Wastani unaochanganya watu hao wawili haumsaidii yeyote kati yao. Kundi la Boston lililofuatiliwa hadi miaka 18 lilionyesha nyonga takriban 74 kati ya 100 zikiwa bado za mwenyewe.

Ukitaka kuona mwendo mrefu kuliko wote, rudi Toronto. Watoto waliorudishiwa nyonga zilizotoka mahali pake na kufanyiwa ukataji wa Salter walifuatiliwa kwa miaka 45. Kwenye miaka 30, asilimia 99 ya nyonga zilikuwa bado zao. Kwenye 40, asilimia 86. Kwenye 45, asilimia 54. Ule haukuwa upasuaji wa osteoathritisi, lakini umbo la mstari linafundisha: unakaa juu kwa miongo mitatu kisha unateremka kwa kasi. Mtafiti aliyefunga daftari mwaka wa 30 angeandika kwamba tatizo limekwisha.

Je, wasingefanyiwa ingekuwaje? Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa takwimu hizi. Kundi la Bern halikuwa na kundi pacha la kulinganisha, watu wenye displasia ileile walioachwa bila kisu kwa miaka 30. Wote walipasuliwa. Tunajua nyonga zilidumu, na tuna sababu nzuri ya kuamini zisingedumu hivyo, ila hatuwezi kusema upasuaji uliongeza miaka mingapi hasa.

Mlinganisho unaowezekana ni na nyonga bandia, na hapo mtu anayesema "si waniwekee ya bandia tu yaishe" anastahili jibu la maana. Nyonga bandia ya kisasa ilianza na John Charnley kule Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, na ni kati ya upasuaji uliofanikiwa kuliko mwingine wowote. Utafiti uliochapishwa na The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba asilimia 58 ya nyonga bandia hudumu miaka 25. Lakini wengi wa waliohesabiwa ni wazee. Utafiti mwingine wa jarida hilohilo, wa mwaka 2017, uligawa kwa umri: aliyewekewa akiwa amevuka 70 ana uwezekano wa kama asilimia 5 wa kurudi mezani kubadilishiwa, na kwa mwanamume aliyewekewa mwanzoni mwa miaka ya hamsini uwezekano huo ni mara kadhaa zaidi. Mwenye miaka 28 yuko mbali zaidi upande wa pili. Na kubadilisha nyonga bandia iliyolegea si sawa na kuiweka mara ya kwanza. Mfupa umeliwa, makovu yapo, na kila mara inayofuata ni ngumu kuliko iliyopita.

Kwa hiyo ile 60 ya Bern ningeisoma hivi. Mwanamke aliyepasuliwa akiwa na 29, akaja kuwekewa bandia akiwa na 49, ameandikwa kwenye safu ya walioshindwa. Lakini miaka hiyo ishirini ndiyo aliyoiendea hospitalini. Amelea watoto kwa nyonga yake, na bandia yake ya kwanza imeanza kuhesabiwa miaka ishirini baadaye. Ukataji wa zamani unaweza kumsumbua kidogo mpasuaji atakapoweka bandia, kwa kuwa kikombe kimegeuzwa na skrubu zipo, lakini haufungi mlango.

Gharama yake nayo isifichwe. Magongo kwa wiki sita hadi nane, bila kukanyaga kwa uzito wote. Miezi ya mazoezi tiba. Ganzi kwenye ngozi ya paja kwa upande wa nje, ambayo kwa wengine haiondoki. Mara chache, mfupa usiounga, damu kuganda kwenye mishipa, au neva kubwa ya mguu kuumia. Kijana anayeishi kwa kibarua cha siku atauliza kwanza nani atalisha nyumba kwa miezi mitatu, na ana haki ya kuanza na hilo.

Turudi kwa wale waliogeuziwa kikombe kupita kiasi. Katika miaka ya tisini madaktari wa Bern waliwaona wakirudi na maumivu mapya ya kinena, wakachunguza, wakakuta ukingo unagonga shingo ya mfupa. Kisha wakajiuliza kama kuna watu wanaogongana hivyo bila kupasuliwa kamwe. Walikuwepo, na wengi. Kuna wenye nundu kwenye shingo ya mfupa wa paja, kichwa si duara kamili, na kila wanapochuchumaa nundu hiyo inaingia kikombeni na kulivua gegedu kwa ndani. Kuna ambao ukingo wa kikombe umezidi urefu. Mwaka 2003 Ganz aliandika kwamba mgongano huu ni chanzo cha osteoathritisi, na tangu hapo fani yote imegeuka. Kosa la upasuaji mmoja lilifichua ugonjwa ambao haukuwa na jina.

Kuuondoa mgongano kunataka kufika mpaka kwenye kichwa chenyewe. Kwa miaka mingi wapasuaji waliogopa kukitoa kichwa mahali pake, maana mshipa mmoja mwembamba wa damu ukikatika kwa nyuma, kichwa kinakufa. Watu wa Bern waliifuata njia ya mshipa huo hatua kwa hatua, na mwaka 2001 wakaripoti nyonga 213 walizozitoa na kuzirudisha bila hata kichwa kimoja kufa. Baada ya miaka kumi, takriban asilimia 80 ya waliotibiwa mgongano kwa njia hiyo walikuwa na matokeo mazuri bila kusagika kuongezeka. Siku hizi nyingi hufanywa kwa matundu madogo na kamera.

Hapa nakuwa mgumu kushawishika kuliko kwenye displasia. Uholanzi walifuatilia watu wapatao 1,000 waliokuwa na maumivu ya mwanzo ya nyonga au goti. Wenye nundu kubwa sana na ambao nyonga haizunguki vizuri kwa ndani, kama nusu yao waliishia kwenye kusagika kwa mwisho ndani ya miaka mitano. Kundi hilo ni la hatari kweli. Lakini nundu ndogo zipo kwa watu wengi wasioumwa kabisa, na kuiona kwenye picha si sababu ya kumpasua mtu. Uingereza walifanya jaribio la kura, yaani kila mgonjwa akipangiwa kundi kwa bahati nasibu, katika hospitali 23, wagonjwa 348, nusu wakapasuliwa kwa matundu na nusu wakapewa mpango maalumu wa mazoezi tiba. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kipimo cha alama 100, waliopasuliwa walikuwa na wastani wa 58.8 na waliofanya mazoezi 49.7. Wote walipata nafuu, na waliopasuliwa walipata zaidi. Huo ni ushindi, lakini ni wa mwaka mmoja, na ni wa maumivu na maisha ya kila siku. Kama nyonga itakuwepo baada ya miaka ishirini ni swali jingine, na anayewauzia watu upasuaji wa matundu kwa ahadi hiyo anakwenda mbele ya ushahidi.

Jambo moja halina ubishi: pengo kati ya mifupa kwenye eksirei likishuka chini ya milimita 2, matundu mara nyingi ni kupoteza pesa. Wengi huishia kwenye bandia muda mfupi baadaye.

Na huku kwetu? Displasia ni adimu sana kwa watoto wa Afrika, na moja ya maelezo yake yapo mgongoni mwa mama. Mtoto kwenye mbeleko amekunja magoti na kutanua mapaja, na kichwa cha mfupa kinaelekea katikati ya kikombe saa nyingi za kila siku, wakati ambapo kikombe bado kinajichonga. Malawi walipekua kumbukumbu za kliniki za mifupa ya watoto kuanzia mwaka 2002 hadi 2012, watoto 40,683, na hawakukuta hata mtoto mchanga mmoja aliyeletwa kwa tatizo hili. Japani, ambako watoto walifungwa miguu ikiwa imenyooka, walianza kampeni mwaka 1975 ya kuacha kufanya hivyo, na nyonga zinazotoka mahali pake zikapungua sana. Urithi una sehemu yake pia, lakini bibi aliyesisitiza mtoto abebwe mgongoni hakuwa anakosea.

Nyonga za vijana wetu zinaharibika kwa sababu nyingine, na kubwa kati ya hizo ni siko seli. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi kwa mwaka wanaozaliwa nayo. Chembe za damu zilizopinda zinaziba mishipa midogo ya kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unakufa, kisha unabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Kikombe ni kizuri, paa linatosha, ila duara lenyewe limekufa. Kugeuza kikombe hapo hakuna maana. Kinachojaribiwa mapema ni kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo ndani yake, na jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, lenye wagonjwa 46 wa siko seli, liliwapa wote mazoezi tiba na baadhi wakaongezewa kutobolewa. Baada ya wastani wa miaka mitatu, nyonga zilizosalimika zilikuwa asilimia 82 kwa waliotobolewa na 86 kwa waliofanya mazoezi tu. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo tofauti hiyo si kitu. Inatosha kusema kutoboa hakukuonyesha faida.

Ndiyo maana mtu anayetumiwa kwenye kundi la WhatsApp video ya daktari wa Ulaya akisema nyonga za vijana zinaokolewa kwa asilimia themanini, inabidi kwanza ajue nyonga yake inaumwa nini. Paa fupi, nundu, mfupa uliokufa, mabaki ya usaha wa utotoni au kifua kikuu cha kiungo: kila moja ina hesabu yake.

Kwa mwenye paa fupi, siku ya kumwona daktari bingwa ni mapema, na hapo pana ugumu wa kibinadamu ambao sijaona takwimu ikiutatua. Wakati mzuri wa kupasuliwa ni ule ambao bado anaweza kuvumilia. Maumivu yakimshinda kiasi cha yeye mwenyewe kuomba kisu, mara nyingi gegedu limekwisha kuondoka. Kumwambia mtu anayetembea akubali kukatwa mifupa mitatu ili aje atembee akiwa na hamsini si mazungumzo ya dakika tano, na haitoshi kuyafanya mara moja. Aulize pembe yake ni nyuzi ngapi, pengo ni milimita ngapi, duara lake linalingana na bakuli au hapana, na aliyeshika kisu amefanya nyonga ngapi za namna hii. Na eksirei ipigwe akiwa amesimama, kwa sababu akilala, nyonga iliyoanza kusagika inaweza kuonyesha pengo pana kuliko lililopo anapotembea.